Kopo la Unga

Muuguzi Nsimire aliniuliza, kalamu mkononi:
"Mama Ashuza, toka sifuri hadi kumi, ni ngapi?"

Mimi nauza unga. Miaka kumi na sita
sokoni Kadutu, jirani na wauza mawese,
napima kwa kopo la maziwa, nasawazisha kwa kiganja,
na mteja mkorofi akinuna naongeza kilima kidogo.
Kupima nakujua.
Lakini usiku ule kopo halikuwa na mdomo wala kitako.

Lilianza saa nane, ubavu wa kushoto,
kama mtu aliyesahau ufunguo, anagonga kwa adabu.
Kisha akaacha adabu.
Bisimwa alinipakia pikipiki ya jirani,
na mteremko wa Funu, ulivyoliwa na mvua,
ni mashimo yaliyoshikana mikono.
Kila shimo nililitukania mama yake.
Nilimtapikia dereva mgongoni, koti jipya.
Sikuomba radhi. Hadi leo ananidai sabuni.

Kuzaa nimezaa mara tano.
Kule kuna desturi: unakuja, unakukunja,
unakwenda kunywa maji, unarudi.
Katikati niliwahi kugombana na wifi yangu
juu ya deni la kitenge, nikashinda.
Wanawake wamekuzunguka, mmoja anakukanda kiuno,
mwingine anafoka, "Usikaze uso, kaza chini!"
Jiwe halina katikati.
Jiwe halina wifi.
Unabaki wewe na sakafu, paji la uso kwenye saruji baridi,
unatafuta namna ya kulala ambayo Mungu hakuiumba.

Basi Bisimwa aliponiuliza, pale kwenye benchi,
kipi kikali zaidi,
nilimwambia bila kupepesa: jiwe.
Akafurahi kama aliyeshinda kesi,
maana figo hata yeye anazo mbili.
"Sasa tuko sawa," akasema.
Nikamwacha na usawa wake. Sikuwa na nguvu.

Ila kuna neno linanisumbua nikichekecha.
Uchungu. Tunasema uchungu wa kuzaa,
na muhogo wa Walungu nao tunauita mchungu:
tunauloweka siku tatu, unachacha, unalegea,
ule ubaya wake unamwagwa na maji.
Watoto wanne nimewaloweka hivyo.
Nikimkuta Ashuza anaiba sukari
sikumbuki hata kama alizaliwa mchana au usiku.
Wa tatu maji hayakumwingia.

Siku ya tano jiwe lilitoka, likagonga beseni: ti.
Punje tu, kama jicho la sambaza,
kahawia, lina miiba.
Nsimire alilifunga kwenye karatasi,
akaandika jina langu na tarehe.
"Nenda nalo, mama. Ni lako."
Nililifumbata njia nzima, nikapanda mlima kwa miguu,
nikajikuta nalia, na ubavu hauumi tena.

Yule wa tatu, kituo hikihiki,
alitoka ametimia, kucha zote kumi na kumi, bila sauti.
Kilo tatu na robo. Niliwasikia wakisoma mizani.
Walimfunika kitambaa cha kijani,
wakapita naye mlango wa nyuma.
Hakuna aliyeandika jina.
Hakuna aliyesema, nenda naye, ni wako.
Na hakuna aliyeniuliza ni ngapi juu ya kumi.

Jiwe liko ndani ya kiberiti, juu ya kabati.
Bisimwa huwaonyesha wageni.
"Hili limezidi kuzaa. Mke wangu mwenyewe kasema."
Wageni wanasogeza taa: kumbe kadogo hivi!
Mimi niko jikoni, nasonga.
Nasikia. Sikatai.
Aliniuliza maumivu, nikamjibu maumivu.
Uchungu hajauliza,
na ugali unataka kugeuzwa.